Mizani Bila Maana: Uhakiki wa Kipimo cha Athari ya Majarida

Kuhesabu si jambo geni kwa mtunzi wa mashairi ya Kiswahili. Tangu siku anapoanza kujifunza kazi hii huambiwa kwamba mshororo wa shairi la kawaida hutimia kwa mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na kwamba atakayepunguza au kuzidisha hata moja ameuvunja mshororo wake. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni hizo katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954, na mabishano juu yake yameendelea kwa miongo mingi. Hata hivyo, katika mabishano yote hayo sijamsikia mlinzi wa vina na mizani, awe mkali namna gani, akidai kwamba shairi lililotimia mizani limekwisha kuwa shairi zuri. Mizani ikishahakikiwa, ndipo msikilizaji huuliza: mtunzi anasema nini?

Swali hilo ndilo lililopotea katika mizani nyingine, ambayo wanazuoni wa dunia wamejiwekea kwa nusu karne na zaidi. Nakusudia kile kiitwacho kipimo cha athari, ambacho hukadiria uzito wa jarida la kitaaluma kwa kuhesabu marejeo, yaani mara ambazo makala zake zimetajwa na waandishi wengine waliokuja baadaye. Mpenzi wa mashairi anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu, kwa kuwa uhakiki wa Al-Inkishafi, wa utenzi wa Mwana Kupona na wa mashairi ya Muyaka siku hizi huandikwa kwa wingi katika majarida ya vyuo vikuu, na katika vyuo vingi duniani mwandishi hupandishwa daraja au huachwa pale alipo kwa kuangaliwa jina la jarida lililomchapisha. Mimi sikupitia chuo chochote. Ushairi nimeujua kwa kusoma na kwa kukaa na wanaoujua, na tafsiri nimejifunza kwa kuifanya. Sina cheo ambacho kipimo hiki kinaweza kukipandisha wala kukishusha. Lakini ninayasoma yanayoandikwa juu ya washairi wetu, na ninayo haki ya msomaji kuuliza kwa nini yanaandikwa yanavyoandikwa, na kwa lugha gani, na kwa ajili ya nani.

Kwanza tukifahamu kipimo chenyewe. Chukua jarida lolote na mwaka wowote, tuseme mwaka 2024. Hesabu mara ambazo makala za jarida hilo za mwaka 2022 na 2023 zilitajwa mwaka 2024 katika machapisho yaliyoorodheshwa na kampuni inayotunza hesabu hizi. Jumla hiyo igawe kwa idadi ya makala za kitaaluma ambazo jarida lilizitoa katika miaka hiyo miwili. Ikiwa makala zilikuwa 60 na zikatajwa mara 90, kipimo ni 1.5. Basi. Ni hesabu ya mtoto wa skuli, na pengine wepesi wake ndio uliowavutia wengi. Hata katika wepesi huo pana tundu. Juu ya mstari wa mgawanyo huingizwa marejeo ya kila kilichomo jaridani, tahariri na barua za wasomaji zikiwamo. Chini ya mstari huhesabiwa makala za utafiti na za mapitio peke yake. Mhariri ambaye tahariri zake hutajwa sana hupata ziada asiyoilipia.

Mwanzo wa jambo hili haukuwa na ubaya. Mwaka 1927, katika jarida la Science la Marekani, Gross na Gross wa Pomona College, California, walieleza shida ya maktaba ya chuo kidogo: fedha chache na majarida mengi. Wakachukua juzuu ya mwaka 1926 ya jarida kuu la wanakemia wa Marekani, wakahesabu humo ni majarida gani yaliyotajwa na kwa kiasi gani, ili yatajwayo sana yanunuliwe kwanza. Ni busara ya mtu mwenye mfuko mwembamba. Katika hesabu ile hapana mwandishi aliyehukumiwa.

Ama faharasa ya marejeo yenyewe, asili yake ni mahakamani. Mwaka 1873, katika jimbo la Illinois, Frank Shepard alianza kuwauzia mawakili orodha za kesi pamoja na kesi za baadaye zilizozitaja. Wakili wa Marekani hulazimika kujua kama hukumu anayoitegemea bado imesimama. Kwa sababu hiyo, katika orodha za Shepard kila rejeo lililohitaji kuelezwa liliwekewa herufi: huku hukumu ilithibitishwa, huku ilitenguliwa, huku ilikosolewa, huku ilitofautishwa na kesi iliyokuwa mbele ya hakimu. Wingi wa marejeo peke yake haukuwa na faida kwa wakili. Hukumu iliyotajwa mara 100 kisha ikatenguliwa mara moja na mahakama ya juu haimwokoi mteja. Alichokitafuta wakili ni kauli iliyosemwa juu ya hukumu ile.

Eugene Garfield, aliyezaliwa New York mwaka 1925 na kufariki mwaka 2017, aliijua kazi ya Shepard kwa kuelezwa na William Adair, aliyekuwa na cheo kikubwa katika kampuni hiyo. Mwaka 1955 Garfield alichapisha katika Science pendekezo kwamba sayansi nayo iwe na faharasa kama ile ya mawakili. Makala hiyo inastahili kusomwa na kila anayekilalamikia kipimo cha athari, kwa kuwa haianzi na haja ya kupima ukubwa wa mtu. Garfield anataka mtafiti aweze kuona ni nani aliyeikosoa makala fulani tangu ilipotoka, asije akaitegemea kazi yenye udanganyifu, yenye upungufu, au iliyopitwa na wakati. Hilo ni shabaha ya mhakiki. Faharasa ilizaliwa ili majibu yapatikane.

Mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikaanza kuiuza Science Citation Index. Katika kuchagua majarida ya kuingizwa humo, yeye na mwenzake Irving Sher walitengeneza kipimo cha athari, ili jarida dogo lenye makala chache zinazotajwa sana lisifunikwe na jarida kubwa lenye makala nyingi. Katikati ya miaka ya 1970 kikaanza kutolewa katika ripoti ya kila mwaka. Taasisi ilinunuliwa na Thomson mwaka 1992, na tangu mwaka 2016 kazi hiyo iko mikononi mwa kampuni ya Clarivate. Garfield mwenyewe alikuja kukifananisha kipimo chake na nguvu za nyuklia, zenye kheri na shari ndani yake.

Hebu msomaji atazame kilichopotea njiani. Shepard alikuwa na mnyororo wa marejeo, na alikuwa na herufi za kueleza rejeo limesema nini. Garfield aliuchukua mnyororo akaziacha herufi, na ni vigumu kumlaumu, maana kuyasoma mamia ya maelfu ya marejeo na kulitia kila moja alama yake kungelihitaji jeshi la wasomaji. Waliokuja kukitumia kipimo cha athari kupimia watu waliuacha na mnyororo wenyewe, wakabakiwa na jumla. Siku hizi kamati huiona nambari bila ya kujua nani alimtaja nani, seuze kujua alimtaja kwa kumsifu au kwa kumrudi.

Hasara ya kuziacha herufi yaonekana wazi katika kisa kimoja. Mwaka 1998 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyoihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji wa watoto. Tafiti zilizofuata hazikuona uhusiano huo, na mwaka 2010 jarida likaibatilisha makala. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulipitia maandishi zaidi ya 1,100 yaliyoitaja, ukakuta kwamba takriban asilimia 73 yaliitaja kwa kuipinga. Wakili mwenye kitabu cha Shepard angeliona safu ndefu ya herufi za kutenguliwa. Mwenye kuhesabu tu angeliona makala yenye athari kubwa. Mimi ni mfasiri, na hapa nalipenda neno letu. Athari kwa Kiswahili huchukua wema na uovu pamoja: tunasema athari za elimu, na tunasema athari za mafuriko. Waliokiita kipimo hiki hivyo kwa Kiswahili walisema kweli. Wanaokisoma kana kwamba kimeitwa kipimo cha ubora ndio wanaokosea.

Kisa cha pili kinaonyesha namna jumla inavyomdanganya anayeitazama. Jarida la wataalamu wa fuwele, Acta Crystallographica, sehemu yake ya A, lilikuwa na kipimo cha 2.051 kwa mwaka 2008. Kwa mwaka 2009 kikaruka hadi 49.926, kikaipita Nature. Sababu ilikuwa makala moja ya George Sheldrick, iliyotoka mwaka 2008, iliyoeleza historia ya programu za kompyuta ziitwazo SHELX na kuwaelekeza wazitumiao kuitaja makala hiyo. Wakaitaja kwa maelfu. Makala nyingine zilizochapishwa humo hazikuongezeka ubora hata kidogo, lakini kila mwandishi wake angeliweza kujitapa kwamba kachapishwa na jarida la 49.926. Miaka miwili ya hesabu ilipokwisha, jarida likarudi karibu na pale lilipokuwa. Per Seglen wa Norway alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1990 kwamba kisa kama hiki ni kawaida iliyozidi tu: katika majarida aliyoyachunguza, asilimia 15 ya makala ndizo zilizokusanya nusu ya marejeo yote. Kumpima mwandishi kwa wastani wa jarida ni sawa na kumsifu mtunzi kwa kuwa shairi lake lilichapwa ukurasa mmoja na shairi la malenga.

Kwa watu wa fasihi, dosari kubwa zaidi ni ile miaka miwili. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840. Mashairi yake yalihifadhiwa na watu vifuani hadi W. E. Taylor, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, alipoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. William Hichens akayachapisha Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mwaka 1979. Baina ya kifo cha mtunzi na diwani yake ni miaka 100. Baina ya diwani na uchambuzi ule ni miaka 39. Atasema mtu kwamba shairi si makala ya jarida, na kwamba ninavichanganya vitu viwili. Naam, lakini mhakiki wa shairi hufuata mwendo wa shairi. Anayelifasiri neno gumu la Kiamu katika Al-Inkishafi humngoja mwingine atakayelishughulikia neno lilo hilo, na huenda mtu huyo hajazaliwa. Hichens aliutoa utenzi huo kitabuni mwaka 1939. James de Vere Allen aliutoa upya mwaka 1977. Katika fani kama hii, aliyesema jambo la kudumu na asiyesema lolote hulingana baada ya miaka miwili: wote wawili wana sifuri.

Kwa muda mrefu kampuni yenyewe ilijizuia. Faharasa yake ya sanaa na fani za utu ilianza mwaka 1978, na kwa zaidi ya miaka 40 majarida ya faharasa hiyo hayakupewa kipimo cha athari. Yalianza kupewa mwaka 2023. Mlango uliokuwa umefungwa kwa busara umefunguliwa, na wahakiki wa fasihi wamo ndani pamoja na wataalamu wa fuwele.

Ushairi wetu una njia zake za kumtaja aliyetangulia, na mtu akizitazama ataona jinsi rejeo linavyoweza kuwa jambo zito. Katika takhmisi, mtunzi huchukua beti za mwenziwe zenye mishororo miwili, akatanguliza mishororo mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Hawezi kuifanya kazi hiyo bila ya kumsoma mwenziwe neno kwa neno, kwa kuwa maneno yake lazima yatelemke yakutane na maneno ya asili kwa kina na kwa maana. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika takhmisi ambayo mishororo yake ya asili hunasibishwa na Fumo Liyongo. Katika majibizano nayo, anayejibu huyachukua maneno ya mpinzani ili ayapindue. Mashairi ya vita vya Kuduhu, ambamo Lamu, Pate na Mombasa zilirushiana maneno kwa ndimi za watunzi kama Bwana Zahidi Mngumi na Muyaka, ni marejeo matupu, na kila rejeo lina herufi yake: hapa nakubali, hapa nakukatalia, hapa nakuonya. Aliyeyahesabu tu, akasema Muyaka katajwa mara kadha wa kadha na watu wa Lamu, angelidhani wanampenda.

Aidha, iko athari ambayo marejeo hayaioni kabisa. Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliliona jambo hili katika sayansi: wazo likienea mno, jina la mwenyewe hufutika, kwa kuwa hapana anayeona tena haja ya kumtaja. Kwa hesabu ya marejeo, aliyefaulu kupita wote huonekana kama hakupata kuwapo. Watu wa pwani hawahitaji kufunzwa hilo na Merton. Kila methali tuitumiayo ilikuwa na mtu wa kwanza aliyeisema.

Limebaki jambo la lugha, na hapa ndipo penye hatari kwetu. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo asili yake ni taarifa za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1930, na Swahili Forum lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1994, yamebeba sehemu kubwa ya yale tuyajuayo juu ya ushairi huu. Lakini wasomaji wa makala iliyoandikwa kwa Kiswahili ni akina nani? Ni walimu wa sekondari, watunzi, watangazaji, wanafunzi. Mwalimu wa Wete au wa Lamu anayeisoma makala moja ya uhakiki na kuifundishia kwa miaka 20 huwa ameieneza kwa mamia ya vijana, na katika hesabu ya Philadelphia mchango wote huo ni sifuri, kwa kuwa yeye haandiki katika jarida lililoorodheshwa. Mtafiti kijana hulijua hilo. Ana njia mbili mbele yake. Aweza kuandika kwa Kiingereza, atumie kurasa za mwanzo kuwaeleza wasioujua utenzi ni nini, kisha achapishwe penye nambari. Au aweza kuandika kwa Kiswahili, aanzie pale wajuzi walipoishia, kisha aulizwe na kamati jarida lake lina kipimo gani. Simlaumu achaguaye njia ya kwanza. Ana watoto wa kulisha. Lakini kila uhakiki wa tenzi unaoandikwa kwa lugha ngeni kwa ajili ya nambari ni uhakiki ambao mtunzi wa Pemba hatausoma, na asipousoma hataujibu. Hapo yale majibizano yaliyoulea ushairi wetu yanakatika, na mashairi yanabaki kusemwa na watu ambao wenyewe hawawezi kuwarudi.

Si sisi peke yetu tulioliona hili. Azimio la San Francisco, lililoanza mwaka 2012 na kutangazwa mwaka 2013, lilitaka kipimo cha athari kisitumiwe kumpima mwandishi mmoja mmoja wala makala moja moja. Waraka wa Leiden wa mwaka 2015 ulionya kwamba kipimo cha majarida ya Kiingereza huzidhuru tafiti zinazohusu jamii na lugha za mahali. Tamko la Helsinki la mwaka 2019 lilitetea uandishi wa kitaaluma kwa lugha nyingi. Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris, kiliacha kuilipia hazina ya Clarivate tangu mwaka 2024. Ni hatua njema, ingawa kuweka saini ni rahisi kuliko kubadili fomu za kamati.

Haki nayo itendeke kwa kipimo hiki. Kabla ya nambari kulikuwa na upendeleo: mwanafunzi wa fulani, jamaa wa fulani. Nambari haimjui baba wa mtu, na kwa kijana asiye na mshikamkono hilo si jambo dogo. Walakini upendeleo haukuondoka. Mhariri humtaka mwandishi alitaje jarida lake ndipo amchapishe. Majarida hukubaliana kutajana, na mwaka 2013 majarida manne ya Brazili yalisimamishwa katika hesabu kwa jambo hilo. Upendeleo umejifunza hesabu.

Dawa naiona katika zile herufi za Shepard. Siku hizi ziko programu zinazojaribu kutambua kama rejeo limeunga mkono au limepinga, na jaribio hilo ni jema, ingawa sijui mashine itafanya nini na mhakiki wa Kiamu anayesifu ili apate kukosoa. Sisi hatuna haja ya kuingoja. Wahariri wa majarida ya Kiswahili waweza kutenga kurasa za majibu katika kila toleo, na kumtaka kila anayehakiki shairi aseme waziwazi nani alimtangulia, wapi anakubaliana naye na wapi anamkatalia. Waweza kumruhusu mtunzi asiye na shahada ajibu anapohakikiwa. Na kamati inayotaka kujua uzito wa mtafiti wa ushairi na imwombe makala zake tatu zilizo bora, ikae izisome. Makala tatu husomeka mchana mmoja, na bado ukabaki wasaa wa kubishana juu yake.